Gari Lisilozimwa Ukweni

Asubuhi gari langu lilikuwa likiwaka kama mtu aliyeokoka jana. Unagusa ufunguo, linaitika kabla hujavuta pumzi. Shida yake ilianza baada ya safari. Ukishaliendesha likapata moto, halafu ukalizima hata kwa muda wa kununua ndizi, umekwisha. Stata inazunguka, betri ina nguvu, taa za mbele zinamulika mpaka ng'ambo, lakini injini haishiki. Unajaribu, inazunguka. Unajaribu tena, inazunguka. Ni kama jamaa anayekuamkua kwa heshima zote mlangoni na hakukaribishi ndani. Ukikaa kando ya barabara karibu saa nzima ukaliacha lipoe, linawaka tena kwa mguso mmoja, na halikuelezi lilikuwa limekasirikia nini.

Kusukuma hakusaidii. Ni otomatiki. Ukisukuma otomatiki unafanya mazoezi ya mwili tu.

Mafundi wa Kitale walilijua gari hilo kuliko walivyonijua mimi. Wa kwanza alisema ni plagi. Akatoa za zamani, akatia mpya, akapiga stata, likawaka, akanitazama kama mtu aliyefufua maiti. Nikaliendesha mpaka Kachibora siku ya soko, nikalizima, maiti akarudi kaburini. Wa pili alisema ni betri, ingawa nilimwonyesha inavyozungusha stata kama feni. Wa tatu akashusha tangi lote akabadilisha pampu ya petroli, na kwa siku hiyo moja gari likanuka kama kituo cha mafuta, halafu likaendelea na tabia yake. Wa nne hakugusa kitu. Aliinama juu ya injini, akasikiliza, akafunga boneti polepole kama mtu anayefunika jeneza.

"Mzee, hii gari inataka kuuzwa tu."

"Nimuuzie nani?"

"Si mimi."

Basi nikaacha kulizima. Nilienda dukani linanguruma, nikaenda kinyozi linanguruma, nikahudhuria mazishi nikiwa nimesimama mwisho kabisa wa watu ili nilione. Petroli nilijaza jioni nikielekea nyumbani, nikazima hapo kituoni kwa sababu ndiyo sheria, na nikala mahindi ya kuchoma na wahudumu mpaka lipoe. Tulizoeana. Walinikaribisha kama mfanyakazi mwenzao.

Lakini kuna jambo liliniuma. Mimi ni mtu wa kupatana. Nimepatana juu ya mbuzi, mabati, shamba la kukodi, na mara moja juu ya jeneza, na fundi wa jeneza mwenyewe akasema marehemu angejivunia. Sheria ya kwanza ya kupatana ni kwamba usionyeshe haraka. Mwenye haraka hapunguziwi, anaongezewa. Na gari linalonguruma nyuma yako ni tarumbeta inayolitangazia soko zima kwamba una haraka. Huko Saboti mama mmoja wa viazi alinitazama, akatazama moshi nyuma ya gari, akanitazama tena, akakunja mikono.

"Baba, wewe enda tu. Gari inakuita."

Nilichukua viazi vyake kwa masharti yake. Nyumbani nilivihesabu mara mbili, angalau nipate kasoro ya kulalamikia. Havikuwa na kasoro.

Hizo zilikuwa aibu zangu peke yangu. Mwezi wa tatu zikawa za ukoo.

Mtoto wa kaka yangu, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda Lodwar muhula wa pili ukifunguliwa. Alikuwa na mchumba nje kidogo ya Bungoma, upande wa Chwele, msichana mshonaji mwenye msimamo. Msichana alikuwa ameshasema neno lake: Lodwar atakwenda akiwa mke, hatakwenda akiwa mgeni. Kwao hawana watoto wa kutembeatembea. Posa ilikuwa imekwisha kupokelewa, mifugo ilikuwa imekwisha kuzungumzwa. Kilichobaki kilikuwa tarehe ya harusi, na sisi tuliitaka mwezi wa nne, wakati shule zimefungwa. Wenzetu walikuwa na lao. Mwaka huo ulikuwa wa kutahiri, na mwezi wa nane kitinda mimba wao angepashwa tohara. Kwao, nyumba moja haibebi sherehe mbili mwaka mmoja. Harusi, walisema, ni mwaka kesho.

"Baba mdogo," kijana akaniambia, "nikienda huko peke yangu mwaka mzima, hii kitu itakufa."

"Haitakufa. Utarudi na ngamia, umwoe huyo."

Hakucheka. Ndipo nikajua mambo ni mazito, maana yeye hucheka hata kwenye mitihani. Kaka yangu, ambaye ndiye baba yake, ni mtu mwema asiyeweza kupatana hata na kuku aondoke mlangoni. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na gari, ndiye niliyekuwa dereva pia.

Tulitoka Kitale watu watatu. Nilituhesabu mara mbili, tulikuwa watatu mara zote mbili. Njiani nikampa kijana mafunzo ya mwisho, kwa sababu walimu wa siku hizi wanajua hesabu lakini hawajui ukwe.

"Mama ya msichana, ukimwona, humpi mkono. Humpiti karibu. Kama yuko mlangoni unangoja, kama yuko kwa njia unaingia kwa mahindi."

"Na kama hakuna mahindi?"

"Basi unaingia kwa mtaro. Mkwe na mama mkwe hawagusani, bana. Ni heshima. Wazee wetu waliona mbali."

"Si leo hata bado mimi si mkwe?"

"Leo we kaa mbali tu. Heshima haina hasara."

Baada ya Kamukuywa askari wa barabarani akatusimamisha. Akaomba leseni, akaitazama, kisha akasema nizime gari.

"Afande, nikizima hii gari, harusi ya huyu kijana iko mikononi mwako."

Nikamweleza. Akamtazama kijana katika suti yake nyuma, akamtazama kaka yangu aliyekuwa ameshikilia mapajani blanketi la zawadi ya mama mkwe kama mtoto mchanga, akanirudishia leseni.

"Endeni. Mimi sitaki kuulizwa na watu wa Bungoma."

Tulifika saa tisa. Boma lilikuwa zuri, limezungushiwa ua wa michongoma, lakini uwanja wote ulikuwa umejaa matofali na kokoto za nyumba mpya. Nafasi pekee ya gari ilikuwa langoni penyewe. Nikaingia kinyumenyume, nusu ndani nusu nje, pua ikiangalia kijia cha kutokea. Nikaweka breki ya mkono. Nikaliacha linanguruma. Tukashuka.

Aliyetupokea ni shangazi ya msichana, dada mkubwa wa baba yake. Huku kwetu tunamwita senge, na senge katika mambo ya ndoa ndiye mwenye usukani. Baba ya msichana alikuwa nyuma yake, mpole, mfupi wa maneno, mtu aliyekwisha kuzoea kuwa na dada mkubwa. Yeye senge alikuwa mwanamke wa umbo, na leso mbili, na macho yanayokupima kama mizani ya kahawa. Alitusalimia vizuri. Halafu akatazama langoni.

"Mulembe, wageni. Mmeacha nani kwa gari?"

"Hakuna mtu, senge."

"Sasa inangurumia nani?"

Nikasema inajipasha kidogo. Lilikuwa limetoka Kitale, lingeweza kuchemsha maharagwe. Tukaingia, tukakaa, ikaletwa chai. Nikamwuliza mama ya msichana yuko wapi, tumsalimie kwa mbali.

"Ameenda kunywesha ng'ombe," senge akasema.

"Siku ya wageni?"

"Ng'ombe hawajui wageni."

Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa tangu Kiminini, ina kijito na mto na jinsi maji yanavyokutana, na popote nilipofika mahali pazuri gari lilinguruma zaidi, maana silensa yake nayo ina maoni. Nilipomaliza, senge aliweka kikombe chini.

"Umesema vizuri. Sasa nikuulize. Mtu akija kwako kuomba mtoto, na punda wake amemwacha amefungwa matandiko, amegeuza uso kwa barabara, huyo mtu amekuja ama anapita?"

Kaka yangu akakohoa.

"Senge, si hivyo..."

"Mimi naona tu. Gari inaangalia njia. Injini inasema twende, twende. Ninyi hamjakula hata ugali wetu. Na ati mnataka tarehe ya haraka pia! Kila kitu chenu ni haraka. Huyu kijana ni mgeni hapa. Mgeni mzuri, sikatai. Mwalimu. Lakini mkwe bado, mpaka siku tutakapomwita mkwe, na hiyo siku ni mwaka kesho."

Nilihesabu: alikuwa amesema "haraka" mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki. Nilikuwa nimefanya kosa lile la Saboti, sasa kwa binadamu badala ya viazi. Nilikuwa nimekwenda kupatana na tarumbeta nyuma yangu.

Ningeweza kumweleza ukweli. Nilifikiria. Lakini jaribu wewe kumwambia senge kwamba umeleta posa kwa gari ambalo haliwaki. Atauliza, na kijana naye je? Ameshapimwa akiwa moto?

Nikasimama. Nikatoka nje polepole, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani, kila mtu akinitazama kupitia mlango. Kijana alinyanyuka kidogo kitini, kwa sababu alijua ninachoenda kufanya.

"Baba mdogo," akanong'ona, "usi..."

Nikalizima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Kuku mmoja aliinua kichwa. Nikarudi ndani, nikakaa, nikavua viatu kabisa nikaviweka chini ya kiti.

"Hatuna haraka, senge. Hata mkisema tulale, tutalala."

Senge akapiga makofi mawili kuelekea jikoni, na ugali ukaja, na kuku, na mboga za kunde. Tulikula. Mzee wa nyumba alianza hata kuzungumza, akatueleza habari za matofali yake. Lakini tarehe haikusogea. Nilimpa senge mwezi wa nne, akanipa mwaka kesho. Nikampa mwezi wa sita, ingawa haukutufaa, ili nione kama mlango una bawaba. Akanipa mwaka kesho na mnofu mwingine wa kuku. Alikuwa anapatana vizuri kuliko mimi, kwa sababu hakuwa anataka kitu chochote.

Tulikuwa bado kwenye kuku tuliposikia kengele za ng'ombe na mtu akipiga mbinja kule kwenye kijia. Mzee akasimama.

"Ng'ombe wamefika. Wanataka kukamuliwa. Sogeza gari, tafadhali."

Sisi watatu tukaangaliana.

Nilikwenda, nikakaa kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka. Nikageuza tena. Ikazunguka. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshafika mbele ya boneti, ananitazama kupitia kioo kwa huruma ambayo sijawahi kuipata kwa fundi yeyote. Nyuma yake kijia kilikuwa kimejaa pembe, michongoma huku na huku. Mbele hapaendeki. Kungoja lipoe, saa nzima, huku maziwa yanawauma ng'ombe? Ndama walikuwa wameanza kelele bandani.

"Ina shida?" Senge alikuwa kibarazani, mikono kiunoni.

"Haina shida. Imepumzika tu."

"Nyinyi si mlisema hamna haraka. Gari imesikia."

Ikabidi tulisukume lirudi ndani, katikati ya matofali, na mahali pale paliinuka. Nikabaki kwenye usukani. Kijana akavua koti, akapita pembeni ya ua mpaka mbele, akainama, mabega kwenye boneti. Kaka yangu akawa upande wa kulia. Mzee wa nyumba akawa katikati. Wakasukuma. Gari likasogea hatua moja, likafikiri, likarudi.

"Tena!" nikasema. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa.

Sasa, mtu aliyekuwa akipiga mbinja nyuma ya ng'ombe hakuwa akiona vizuri yaliyokuwa yanatendeka kwa sababu ya vumbi na pembe. Alijipenyeza katikati ya mifugo, akakuta wanaume watatu wameinama juu ya gari lililokwama kwenye lango lake, vichwa chini, migongo juu. Mtu wa shamba akiona kitu kimekwama haulizi. Alitupa fimbo, akabana leso kiunoni, akajiweka katika nafasi iliyokuwa wazi, bega kwa bega na aliyekuwa kushoto kabisa, akasukuma. Na alikuwa na nguvu, nasema kweli. Gari lilianza kupanda.

Mimi nilimwona kupitia kioo. Nilijua ni nani, kwa sababu uso wake ulikuwa ule ule wa msichana wetu, umeongezewa miaka. Nilifungua mdomo. Aliyekuwa kushoto kabisa alikuwa kijana wangu.

Lakini senge alinitangulia. Kutoka kibarazani alipiga ukelele uliowatawanya kuku wote.

"Weee! Mama! Toka hapo! Utamgusa! Huyo ni mkwe wako!"

Mama akageuza kichwa. Kijana akageuza kichwa. Pua zao zilikuwa karibu kiasi cha kuazimana pumzi. Mama alitoa sauti ndogo, akaruka nyuma akatumbukia katikati ya matete yaliyopandwa kando ya lango kwa chakula cha ng'ombe, leso ikabaki imening'inia juu kama bendera. Kijana, aliyekumbuka mafunzo yangu vizuri mno, alitafuta mahindi, hakuyaona, akachupa ndani ya mtaro wa kando ya kijia akiwa na shati jeupe. Gari, kwa kukosa watu wawili wenye nguvu kuliko wote, likaanza kushuka. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, kaka yangu akalia jina la Mungu, na mzee wa nyumba akaokota jiwe kando ya ua akaliweka chini ya tairi, bila haraka, kama mtu aliyejua siku moja litahitajika.

Ng'ombe walisimama wakitazama sinema.

Nikashuka garini. Nikajipangusa. Nikatembea mpaka kibarazani, nikasimama chini ya ngazi, kichwa nimekiinamisha kwa heshima zote.

"Senge," nikasema, "samahani, masikio yangu ni ya Kitale. Umesema huyo ni nani wake?"

Akatupa macho kwa ng'ombe.

"Nimesema ng'ombe. Nimesema atagusa ng'ombe."

"Hapana. Umesema mkwe. Nimesikia. Kaka, umesikia?"

"Nimesikia," kaka yangu akasema, neno la kwanza la maana alilolitoa siku hiyo.

"Mgeni hakimbiwi kwenye matete, senge. Mgeni hupewa mkono. Kama huyu ni mgeni mpaka mwaka kesho, basi mwite mama atoke, amsalimie tu kama mgeni yeyote. Wapeane mkono hapa mbele yetu. Sisi hatuna neno."

Kutoka kwenye matete sauti ikasema kwa nguvu, "Sitoki mimi!"

"Na ulituambia ameenda kunywesha ng'ombe," nikaendelea, polepole, kwa sababu sasa nilikuwa mtu asiye na haraka wa kweli. "Siku ya wageni. Mama mwenye nyumba yake. Alikuwa anamkwepa nani?"

Senge alinitazama kama anayetafuta pa kunishika. Nilijua hali hiyo. Nimewahi kuiona kwenye uso wangu mwenyewe, ndani ya kioo cha gari, kule Saboti. Kisha kikasikika kicheko nyuma yangu. Mzee wa nyumba alikuwa amekalia jiwe lake lingine, akishika mbavu.

"Dada," akasema, "acha. Neno limetoka. Hata mate ukishatema huyalambi."

"Na sherehe mbili? Mwaka mmoja?"

"Moja ni ya kijana, moja ni ya msichana. Hazitapigana."

"Ulikuwa wapi na hayo maneno tangu saa tisa?"

"Nilikuwa nakungojea umalize."

Senge alifunga leso yake upya, ile ya juu, halafu ya chini, ingawa zote zilikuwa zimefungwa vizuri. Halafu akaninyooshea kidole.

"Mwezi wa nne. Jumamosi ya mwisho. Hakuna siku nyingine."

"Asante, senge."

"Ngoja. Sijamaliza. Hiyo siku mnakuja na gari inayozimwa. Mkifika, mnazima, mnakaa mpaka tuwaachilie. Nikisikia kitu inanguruma hapa kwangu, harusi inaenda mwezi wa kumi na mbili."

Ningekuwa na akili ningeomba muda wa kufikiria. Nikasema, "Hilo ni dogo."

Kijana alitolewa mtaroni, mama mkwe akapitishwa kwa nyuma na kupelekewa blanketi lake na kaka yangu, aliyelinyoosha mbele yake kama pazia ili wasionane. Gari likasukumwa na majirani. Giza lilipokuwa linaanza, baada ya chai ya pili, liliwaka kwa mguso mmoja. Tulipopita Misikhu kijana akaanza kucheka, akacheka mpaka Kitale.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeahidi kuzima.

Usiku ule nilifikiri juu ya mafundi wangu wanne, nikawapitia mmoja mmoja, halafu nikawapitia tena. Ndipo nikaona. Wote walikuwa wamelitazama gari langu likiwa na adabu. Likikataa njiani, mpaka livutwe lifike kwao, limeshapoa. Wanapiga stata, linawaka, wanabadilisha chochote kilicho karibu na mkono. Hakuna aliyewahi kuliona likiwa gonjwa. Hata senge angeendelea na mwaka kesho wake mpaka leo kama tungemwona akiwa baridi tu.

Basi nikamtafuta fundi wa tano, karibu na barabara ya kwenda Kapenguria, nikaliendesha kwanza mpaka Kiminini na kurudi likapata moto kwelikweli, nikaingia nalo kwake linanguruma, nikalizima mbele yake. Alinyoosha mkono achukue spana.

"Usiguse," nikamwambia. "Piga stata kwanza."

Akapiga. Halikushika. Macho yake yakafunguka. Akachomoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma, akaniambia nizungushe: hakuna cheche. Akanusa plagi: kavu, hakuna petroli. Akakuna kichwa.

"Cheche hakuna, mafuta hakuna. Zote mbili kwa wakati mmoja. Basi kuna kitu kimoja kinachoziambia zianze, na hicho ndicho kimenyamaza."

Aliingiza mkono chini ya injini akanionyesha sensa ndogo, kama kidole gumba, ambayo kazi yake ni kuhisi injini inavyozunguka na kupeleka habari. Akalowesha kitambaa kwa maji baridi, akakifunika juu yake, tukangoja kidogo tu. Akapiga stata. Likawaka.

"Ikipata moto inazimia," akasema. "Ikipoa inaamka."

"Rudia," nikasema.

"Si imewaka?"

"Rudia."

Tukaliendesha tena, tukalizima tena, likakataa tena, kitambaa tena, likawaka tena. Ndipo nikamruhusu aibadilishe.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne tuliingia lile boma na gari safi, limefungwa riboni, na matofali yalikuwa yamekuwa kuta. Nilisimama mahali nilipoelekezwa. Nikazima. Nikashuka nikiwa nimejaa majivuno kama jogoo wa misheni, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nilinunue nilizima gari bila kuomba.

Senge alikuwa ameshanifikia. Alinyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Senge, siku hizi linawaka. Nimelitengeneza. Sikiliza, nikuonyeshe."

"Najua linawaka. Majirani waliotoka Kitale wameshaniambia." Akauchukua mkononi mwangu, akaufunga kwenye pindo la leso, fundo moja, halafu fundo la pili. "Zamani nilikuwa na uhakika hamwezi kuondoka. Sasa lazima nishike mwenyewe."

Tulikaa mpaka alipotaka. Hotuba zilikwisha, watu wakala, watu wakala tena. Msichana wetu alilia kidogo, kama inavyotakiwa, halafu akauliza Lodwar kuna umeme wa kutosha wa cherehani. Jua lilipokaribia mlima, senge alifungua mafundo yake mawili, akaniwekea ufunguo kiganjani akaukunja mkono wangu kwa mikono yake.

Gari liliwaka papo hapo. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mimi. Tulipokuwa tunatoka langoni, bibi na bwana harusi wakiwa nyuma, nilimwona mama mkwe kwenye kioo, amesimama katikati ya matete yake, anatupungia leso kwa nguvu sana, uso ameugeuzia upande mwingine.